Dawa ya Nini? Farmakoni ya Wagiriki na Wajibu wa Neno la Mponyaji

Istilahi ya katharsisi imezoeleka mno katika mihadhara yetu ya tamthilia hata tumesahau kwamba, kabla haijawa mali ya wahakiki, ilikuwa haluli. Kwa tabibu wa Kigiriki wa karne ya 5 kabla ya Masihi, neno hilo lilitaja tendo la kuusafisha mwili kwa kuharisha au kutapika. Aristotle, aliyelitia katika sura ya 6 ya Poetics, alikuwa mwana wa tabibu, Nicomachus, aliyehudumu katika jumba la mfalme wa Makedonia. Wataalamu wamebishana kwa muda mrefu iwapo alilikusudia kwa maana ya kitabibu au ya kidini, na mjadala huo siuingilii hapa. Ninautaja kwa kuwa unatukumbusha kwamba fasihi na uganga ni majirani wa tangu zamani, na kwamba swali la kimaadili linaloukabili ua mmoja huvuka likafika ua wa pili. Swali lenyewe ni hili: ikiwa neno nalo ni dawa, ni nani mwenye haki ya kukiamua kipimo chake? Je, mponyaji anaruhusiwa kumnyima mgonjwa neno la kweli, au kumpa la uwongo, kwa hoja kwamba linamfaa?

Makala haya yanalikabili swali hilo kwa kupitia neno moja la Kigiriki, farmakoni, ambalo ndilo shina la famasi na famasia tunazozitaja kila siku, na kwa kulisoma sambamba na neno letu dawa.

Tuanze na Homer. Katika kitabu cha 10 cha Odyssey, Circe anawachanganyia mabaharia chakula chenye kitu cha kuwasahaulisha kwao, kisha anawageuza nguruwe. Hermes naye anamkuta Odysseus njiani na kumpa mmea wenye mzizi mweusi na ua jeupe ili asidhurike. Kitu cha Circe kinaitwa farmakoni. Cha Hermes pia kinaitwa farmakoni. Mshairi anapotaka kuvitofautisha hana budi kuongeza kivumishi, hiki kiwe kiovu na kile kiwe chema. Katika kitabu cha 4, Helen anawatilia wageni katika divai kitu cha kuondoa huzuni, chenye nguvu ya kuyazuia machozi hata ya mtu aliyefiwa na wazazi wake, na hapo Misri inatajwa kuwa nchi yenye wingi wa vitu vya namna hiyo, vya manufaa na vya madhara vikiwa vimechanganyika. Neno ni lile lile.

Mfano wenye uchungu zaidi umo katika tamthilia ya Sophocles ya Wanawake wa Trachis. Deianeira, mke anayeona mumewe Heracles ameleta mwanamke kijana nyumbani, anaikumbuka damu aliyopewa na Nessus alipokuwa akikata roho, akaambiwa kwamba itamrudishia penzi la mumewe. Anaipaka kanzu na kumpelekea Heracles iwe zawadi. Msomaji wa mwambao hahitaji tanbihi hapa; hili ni limbwata. Kumbe damu ile ilikuwa imeingiwa na sumu ya mshale wa Heracles mwenyewe, na kanzu ikaula mwili wake. Deianeira hakukusudia kuua. Alidanganywa kuhusu jambo moja tu: farmakoni aliyopewa ilikuwa ya nini.

Kiapo kinachohusishwa na Hippocrates nacho kinamkataza tabibu asimpe mtu yeyote farmakoni ya kufisha, hata akiombwa. Hebu tukizingatie kivumishi hicho. Lau nomino yenyewe ingalikuwa na wema ndani yake, kiapo kisingalihitaji kuongeza neno. Zaidi ya hayo, farmakoni iliweza pia kuwa rangi ya mchoraji au ya mtia nguo rangi, kana kwamba Wagiriki walikusanya chini ya jina moja kila kitu kinachoingia katika kitu kingine na kukibadilisha hali.

Msomaji wa Ulaya akifafanuliwa haya hustaajabu. Msomaji wa Kiswahili hana la kustaajabia. Katika duka la mtaani, Nairobi au Mombasa, rafu moja hubeba dawa ya meno, dawa ya mbu, dawa ya kikohozi, dawa ya panya na dawa ya viatu. Ya kwanza ni faida ya meno. Ya pili ni hasara ya mbu. Ya panya ni mauti yake, na ya viatu ni rangi tu, sawasawa na ile ya mchoraji wa Kigiriki. Tunasema dawa za kulevya bila kuona kinaya. Tunasema dawa ya moto ni moto. Na anayetamka kwamba dawa ya fulani iko jikoni hamtakii fulani huyo afya njema. Mzigo wote wa maadili umewekwa juu ya -a unganifu, nayo haitwambii iwapo kinachofuata ni cha kuponywa, cha kuuawa au cha kupatikana: dawa ya macho, dawa ya kunguni, dawa ya mapenzi. Ndiyo maana hata mtoto anayepelekewa kijiko mdomoni huuliza, dawa ya nini? Nitadai kwamba mtoto huyo amelifikia swali la kifalsafa mapema kuliko baadhi ya wanafalsafa.

Kuna jambo jingine la kwetu ambalo msomaji wa Plato angetamani kuliona kwa macho. Katika miji ya mwambao, mwalimu huandika aya kwa wino wa zafarani juu ya sahani nyeupe, akaziosha maandishi yale kwa maji au kwa marashi, na mgonjwa akayanywa. Hilo ndilo kombe. Rangi, maandishi na dawa, yaani maana tatu ambazo Kigiriki kilizifunga katika neno moja, hukutana ndani ya sahani moja. Sisemi kwamba desturi hiyo ilitoka Ugiriki. Ina asili yake katika elimu ya Kiislamu. Nasema tu kwamba anayeyajua makombe hawezi kuliona wazo la neno linaloingia mwilini kuwa ni sitiari ya kupamba hoja.

Wagiriki walilifikia wazo hilo kwa njia yao. Gorgias, alipoandika utetezi wake wa Helen, alidai kwamba nguvu ya usemi juu ya nafsi ni kama nguvu ya farmakoni juu ya mwili: baadhi hukomesha ugonjwa na baadhi hukomesha uhai. Plato akaichukua hoja na kuigeuza. Katika Phaedrus, Socrates anasimulia kisa cha Misri ambamo Theuth, mvumbuzi wa hesabu, unajimu na maandishi, anamwendea mfalme Thamus na kuisifu sanaa ya kuandika kuwa ni farmakoni ya kumbukumbu na hekima. Mfalme anamkatalia. Watu, anasema, watategemea alama zilizo nje yao na kuacha kukumbuka kutoka ndani. Alicholeta Theuth ni cha kukumbushia, hakikuzi kumbukumbu.

Mwaka 1968 Jacques Derrida alichapisha insha ndefu juu ya kisa hiki, akaonyesha kwamba wafasiri walioandika tiba mahali pa farmakoni walikuwa wamekwisha kumwamulia msomaji upande mmoja wa neno lenye pande mbili. Hoja ni sahihi. Hata hivyo, sehemu kubwa ya juhudi yake ni ya kumshawishi msomaji ambaye lugha yake imeyatenga mambo haya katika vyumba mbalimbali. Hebu tufasiri usemi wa Theuth kwa Kiswahili: dawa ya kumbukumbu. Je, ni dawa ya kuisaidia kumbukumbu, kama dawa ya macho, au ni ya kuiangamiza, kama dawa ya mbu? Utata wote umebaki mzima, na mfasiri hakuhitaji hata tanbihi moja.

Lakini kinachonivutia katika kisa cha Theuth zaidi ya utata wa neno ni utaratibu wa hukumu. Kabla ya kulaumu maandishi, Thamus anatoa kanuni: anayeweza kuizaa sanaa si yule awezaye kuamua sehemu ya madhara na ya manufaa itakayowapata wenye kuitumia. Theuth ni baba, na kwa mapenzi ya baba amesema kinyume cha ukweli. Kwa maneno mengine, mtoaji wa farmakoni si hakimu wake.

Tuichukue kanuni hiyo na kuiweka karibu na kifungu kingine cha Plato huyo huyo. Katika kitabu cha 3 cha Republic tunaambiwa kwamba uwongo haufai kitu kwa miungu, ila kwa binadamu unaweza kufaa kama farmakoni, na kwa hiyo uachiwe matabibu, watu wa kawaida wasiuguse. Kutoka hapo watawala wa mji nao wanapewa ruhusa. Kifungu hiki kimenukuliwa sana na wanaotetea uwongo wa huruma kitandani pa mgonjwa. Nijuavyo mimi, wachache kati yao hukisoma pamoja na Phaedrus. Ikiwa uwongo ni farmakoni, na ikiwa mtoaji wa farmakoni si hakimu wa athari zake, basi tabibu ndiye mtu asiyefaa kuachiwa peke yake uamuzi wa kuutoa. Utaalamu wake unamjulisha mwili. Mapenzi yake kwa sanaa yake, na hofu yake ya kilio cha mgonjwa, vinamfanya Theuth.

Plato anaonekana kulihisi tatizo hilo uzeeni. Katika kitabu cha 4 cha Laws anawachora matabibu wa namna mbili. Yupo mtumwa anayewatibu watumwa: haelezi wala haulizwi, anatoa amri kama mfalme mdhalimu, kisha anamkimbilia mgonjwa mwingine. Yupo pia tabibu huru anayewatibu watu huru: anaongea na mgonjwa na jamaa zake, anajifunza kwake huku akimfundisha, na haamuru lolote mpaka awe amemridhisha. Kuna dhuluma ndani ya mgawanyo huo, maana mtumwa ananyimwa maelezo kwa sababu tu ni mtumwa, na Plato haombi radhi. Ila kwa yeyote aliyewahi kukaa katika foleni ya kliniki zetu, akaingia, akaandikiwa karatasi na kutoka kabla kiti hakijapata joto, si vigumu kujua ametibiwa na yupi kati ya hao wawili.

Fasihi ya Kiswahili imelitafakari jambo hili kwa kina kuliko tulivyozoea kukiri, katika tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969. Tumeifundisha tamthilia hiyo kama kazi ya ukombozi na ya umoja wa taifa, kwa msingi wa vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907, na hilo si kosa. Lakini pia ni tamthilia juu ya dawa. Maji ya Kinjeketile ni farmakoni kamili: yanawaunganisha watu waliotengana, na hiyo ni tiba ya kweli, yanawapeleka mbele ya bunduki wakiamini kwamba risasi hazitawadhuru, na hiyo ni sumu ya kweli. Hakuna mstari unaoweza kuchorwa ndani ya maji yale ili tuseme upande huu ni dawa na ule ni sumu. Hussein anamfanya mganga wake awe wa kwanza kushuku. Kinjeketile anataka wasubiri, anaanza kuuliza kilicho ndani ya ujumbe alioupokea, lakini neno limekwisha kumtoka na lina miguu yake lenyewe. Ni Theuth anayejaribu kuwa Thamus baada ya soko kufunguliwa. Na mwishoni anapotakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uwongo, anakataa, kwa ajili ya watakaokuja baadaye. Je, kukataa huko ni ukweli wa ndani zaidi, au ni kipimo kingine cha farmakoni ile ile? Nimelifundisha onyesho hilo miaka mingi na bado nashindwa kuamua; nadhani Hussein hakutaka tuamue kwa wepesi.

Sasa tugeukie lugha ya hospitali. Inasemwa kwamba majina ya Kigiriki hayana budi kuwa magumu kwa kuwa sayansi ni ngumu. Hilo si kweli hata kidogo. Kwa mkulima wa Kos majina mengi kati ya hayo yalikuwa maneno ya nyumbani. Asthma ni kuhema. Trauma ni jeraha. Diabetes ni kupitisha, kama mrija unaopitisha maji bila kuyazuia. Krisis ni hukumu, saa ile ugonjwa unapoamuliwa uende upande upi. Kliniki inatokana na kitanda, na therapon, shina la tiba zote ziitwazo therapia, ni msaidizi anayemhudumia mwingine kwa heshima. Katika Iliad ndilo jina la uhusiano wa Patroclus kwa Achilles. Ugumu haukuletwa na maana. Umeletwa na safari, kwa kuwa Ulaya ilibeba sauti za maneno na kuiacha maana bandarini.

Baghdad ilichukua njia nyingine. Galen, katika karne ya 2, alieleza kwamba uvimbe fulani huitwa karkinos, yaani kaa, kwa sababu mishipa iliyovimba pande zake hufanana na miguu ya mnyama huyo. Wafasiri wa zama za Hunayn bin Ishaq, aliyefariki mwaka 873, hawakuisafirisha sauti ya karkinos. Kwa Kiarabu ugonjwa ukaitwa sarataan, ambalo ni jina la kaa yule yule, na msomaji wa Kiarabu akaupata ugonjwa pamoja na picha yake. Neno hilo ndilo saratani yetu. Kwa hiyo mvuvi wa Lamu anayetamka saratani anatamka tafsiri ya Kigiriki bila kujua, ingawa kwake yeye kaa ni kaa tu, na saratani, kama si jina la buruji katika falaki, ni sauti ya kutisha isiyo na mnyama ndani yake. Ukarimu wa Baghdad ulikomea ufukweni. (Afyuni na balghamu, kwa upande wao, zilivuka na sauti zake: opion na phlegma.) Kisukari, kinyume chake, ni neno letu lenye kueleweka, na sijamwona daktari aliyepungukiwa na elimu kwa kulitumia.

Ipo pingamizi ambayo sitaki kuipuuza. Susan Sontag, katika kitabu chake cha mwaka 1978 juu ya ugonjwa kama sitiari, alionya kwamba picha tunazozifunga juu ya saratani humwongezea mgonjwa mzigo wa aibu na hofu. Pengine basi ni heri mgonjwa apewe sauti tupu kuliko apewe kaa anayemng'ata. Na kitabu kimoja kati ya vile vya Hippocrates, kile kiitwacho Adabu, kinamshauri tabibu amfiche mgonjwa mambo mengi anapomhudumia, kwa kuwa wengine wamezidiwa kwa sababu ya kuambiwa. Nakiri kwamba wapo wasiotaka kujua, na kutojua kwao ni haki yao. Lakini asiyetaka kujua ni yule aliyeulizwa akakataa. Sauti tupu haimwulizi mtu. Humwamulia.

Nina sababu ya kuyasema haya kwa ukali kidogo. Miaka kadhaa iliyopita nilimsindikiza shangazi yangu hospitalini, na kwa kuwa daktari hakuwa na Kiswahili cha kutosha, nami nikiwa ndiye msomi wa ukoo, nikafanywa mkalimani. Daktari alizungumza kwa upole na kwa haraka. Nilisikia metastasisi, nikasikia prognosisi, na kila shina la Kigiriki lilinifunukia maana yake pale pale: kuhama, kujua kabla. Sikuwa na hata neno moja la kulitafutia kamusi. Nikamgeukia shangazi nikamwambia kwamba kuna uvimbe na kwamba watauangalia.

"Na lile neno refu alilolirudia mara mbili, baba?" akaniuliza.

Nikamwambia ni jina la dawa.

Hivyo ndivyo nilivyoitoa farmakoni ya Plato kwa mkono wangu, bila kuwa tabibu wala mtawala. Kwa siku chache nilijiona nimetenda wema. Kisha nikamkuta wodini akimlalamikia muuguzi kwamba wenzake wote wanapewa dawa zao, ilhali yeye ile yenye jina refu hajapewa hata mara moja, na kwamba kama ni ya kununuliwa nje, wanawe wapo, watanunua. Muuguzi akanitazama mimi.

Jioni ile nilimwambia. Sikutumia Kigiriki wala Kiarabu. Nilisema, shangazi, ule uvimbe hauko tena mahali pamoja, umehama, na neno refu lilikuwa la huko kuhama. Alinyamaza, akakunja pindo la leso yake, akalikunjua. Hakulia, wala hakuzidiwa kwa kuambiwa.

"Umehamia wapi?" akauliza.

Nami sikuwa na jibu, kwa sababu siku ile mbele ya daktari sikuwa nimeuliza.